Keateka Muthoki na Chumba cha Mkwe

Watu wa Salama wanapenda kusema ati mama yangu alifukuza mkwe wake juu ya kazi ya kufagia choo. Sasa mimi nitasema vile ilikuwa, na kama kuna mtu hapendi, aje aniambie kwa uso. Mimi ni Kasyoka, msichana wake wa pili. Mimi nilikuwa hapo. Hao wanaongea sana walikuwa ng'ambo ya barabara wakitafuna mahindi.

Mama anaitwa Muthoki. Alizaliwa Nuu, huko Kitui, mahali kavu kabisa, akaolewa huku kwetu Makueni. Baba alikufa tukiwa wadogo, mimi na dada yangu Nzilani. Mama akatuacha kwa nyanya akaenda kutafuta kazi, na akaipata Kitui town, kwa shule moja ya bweni ya wasichana. Walimwandika afagie. Lakini huyo mama si mtu wa kufagia tu. Fundi wa shule akipanda juu, mama anamshikia ngazi na kumuuliza maswali mpaka anachoka. Fundi akienda kunywa, mama anabadilisha mpira wa bomba mwenyewe. Akirudi nyumbani hatuulizi habari ya mitihani. Anatuambia habari ya majumba, vile mama wengine wanaongea habari ya watoto. "Bweni ya juu imetoa ufa." "Mlango wa jikoni siku hizi unalia, sijui una nini." Sisi tunacheka mpaka tunalala chini. Yeye hacheki.

Halafu huyo fundi akafukuzwa. Mama akafikiria sasa ni zamu yake. Shule ikaleta kijana mwingine kutoka mahali, ikamwambia mama ashike ufagio anyamaze. Hakuushika. Alitia nguo kwa kiondo akaja Salama, akaanza kupikia madereva wa malori maharagwe na chapati kwa veranda ya gorofa ya Kinuthia.

Hiyo gorofa kila mtu alikuwa anaijua. Ilikuwa inaangalia barabara ya Mombasa, na Kinuthia mwenyewe alikuwa ni Mkikuyu anakaa Thika, anakuja Jumamosi na pikapu kuangalia mali yake. Chini kulikuwa na bucha, hoteli, na duka la nguo la Gathoni. Juu, vyumba vya kupanga, korido moja ndefu, na nyuma choo na tangi kubwa la maji ya mvua. Kwa mbali ilikuwa nyumba ya maana. Ukikaribia, unaziba pua. Keateka, yule wa kutunza nyumba na kushika funguo, alikuwa mzee mmoja analala asubuhi ndio apumzike vizuri mchana. Choo kimejaa, taa za korido zimekufa, tangi lina ufa, gata zimejaa majani. Gata ni ile mifereji ya bati inashika maji ya paa. Kwetu huku hiyo si urembo. Mvua ya huku ikikupita imekupita, unabaki kufuata maji na punda. Nyumba yenye gata mbovu ni kama mtu anamwaga uji na watoto wako na njaa.

Huyo mzee akarudi kwao, mwaka wa themanini na sita, kabla ya mvua ya Novemba. Mama akaosha sufuria yake pole pole siku hiyo. Nikajua kuna maneno.

"Kasyoka," akasema, "mimi nataka hiyo kazi."

"Gani?"

"Ya keateka."

Nilimwangalia. Kwetu mama tunamwita mwaitu. "Mwaitu, hiyo ni kazi ya wazee wamechoka. Unakaa kwa kiti, unashika funguo, unakohoa."

"Hiyo ni kazi ya yule alikuwa anakaa kwa kiti. Si mimi." Akaonyesha ukuta na mwiko. "Angalia hiyo plasta. Unaona vile imevimba? Maji iko ndani. Mtu akiiangalia sasa, ni siku moja na karai ya simiti. Akiiacha, ni ukuta mzima. Kila siku nageuza chapati hapa naona huo ukuta, na hakuna mahali naweza kusema. Mimi nimechoka kuona kitu kinaharibika na mikono yangu iko na unga."

"Na watu watasema nini?"

"Watu gani?"

"Watu, mwaitu. Mwanamke keateka? Kupanda paa?"

"Paa iliuliza?" akasema. Akaendelea kuosha sufuria. Nikacheka, kwa sababu hiyo hasira mimi naijua, niliitoa kwake.

Jumamosi Kinuthia akafika. Mama akatoa aproni akaenda kusimama mbele ya pikapu.

"Mzee Kinuthia, umepata keateka?"

"Watu wanakuja wengi. Kuna kijana mmoja anaitwa Kisilu, ndugu ya mwalimu Jonah. Ana nguvu. Kwani una mtu?"

"Mimi."

Kinuthia akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine aliyesema. "Wewe mama wa maharagwe?"

"Ndiyo, wa maharagwe. Hata wewe hukuzaliwa na gorofa."

Gathoni, aliyekuwa mlangoni kwa duka lake, akapiga kicheko. "Mpe, Kinuthia! Huyu ndiye anafagia mbele ya duka langu miaka yote na hajawahi kuniomba hata asante. Huyo mzee wako nilikuwa namuamsha nimpe salamu."

Kinuthia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa hasara. Akaushika ule mzigo wa funguo, akaupima kwa mkono, akasema, "Sikia, mama. Mvua iko karibu. Kaa na hizi mpaka mvua iishe. Ikiisha na nyumba yangu iko sawa, kazi ni yako na chumba cha chini ni chako cha kukaa. Kitu kikiharibika, unarudi kwa veranda, namchukua huyo kijana, na sitaki kelele."

"Hutasikia kelele," mama akasema. "Utasikia nyundo."

Na kweli tulisikia nyundo. Alitafuta watu wakafukua choo. Tangi alilitia simiti na mkono wake, akilala tumbo kwa ukingo miguu juu, watu wa hoteli wakitoka kuangalia. Alifunga kanga juu ya suruali ya zamani ya baba, hiyo suruali ndiyo iliwachoma roho kuliko kitu kingine. Wamama wa kanisa wakapita wakisema "Bwana asifiwe" na sauti ile ya kukuombea ukiwa mgonjwa. Mama anajibu "Asifiwe sana," na msumari mdomoni.

Kisilu naye alikuwa anakuja kila jioni kuegemea pikipiki ya mtu mwingine.

"Kasyoka, mwambie mathe asivunje mguu. Nikipewa hizo funguo nitamwandika afagie."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitakuwa bosi, nitakuwa nasimamia."

"Kusimamia ndio unafanya hapo tangu saa kumi. Umewahi kuona hata pikipiki imekuwa yako?"

Wanaume wa bucha wakacheka, yeye akatema mate akaenda. Mimi nilikuwa na jiwe mkononi, lakini mama alikuwa juu anatuona.

Sasa wacha nieleze habari ya Jonah, kwa sababu hapo ndipo maneno yote iko. Jonah ndiye bwana ya dada yangu Nzilani. Mwalimu wa shule ya msingi, tai kila siku, mzee wa kanisa na bado kijana. Walikuwa wamepanga juu, chumba cha kona, mwisho wa korido. Na mtu wa kwetu anajua mkwe ni nini. Kuna nthoni. Mwanaume hakutani na mama ya bibi yake ovyo ovyo. Hawaangaliani kwa macho, hawakuli pamoja, na mahali mmoja analala, mwingine haingii. Wakikutana kwa njia, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Kwa miaka yote ya Salama, nani alikuwa anaingia kichakani? Mama. Jonah akishuka ngazi, mama anaacha chapati ikiungua anaenda nyuma ya nyumba. Madereva wakawa wanajua. "Leo yetu imeungua, mwalimu amepita."

Hiyo nthoni inaondoka. Mkwe analeta mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, watu wanakula, imeisha, mnasalimiana kama watu. Wazee walimwambia Jonah hivyo siku nyingi. Akasema yeye ameokoka, mambo ya mbuzi ni ushenzi ya kale. Sawa. Basi kama ni ushenzi, iache yote. Hapana! Mbuzi alikataa, lakini kichaka kile cha mama alikiacha hapo hapo.

Mama alipopewa funguo, Jonah akaacha kula kwa wiki nzima, Nzilani aliniambia. Alimtuma dada yangu kwa veranda.

"Mwaitu, Jonah anasema hii kitu inamletea aibu. Walimu wanamuuliza, yule anafukua choo si ni mama mkwe wako?"

"Wanauliza vizuri. Ni mimi."

"Anasema atakutumia unga na sukari kila mwezi, urudi nyumbani upumzike."

"Nimemwambia nimechoka?"

Nzilani akaanza kulia. Yeye ni mpole, alitoka kwa baba. Mimi nikasema, "Mwambie Jonah anunue mbuzi na hiyo sukari." Mama akanipiga jicho, lakini nilikuwa nimesema.

Mvua ikakaribia. Ukiangalia upande wa Ukia unaona mawingu. Mama akasafisha gata zote, za mbele na za nyuma, akatoa majani, viota, mpira wa watoto, hata kiatu kimoja ambacho mpaka leo hatujui kilifikaje. Ikabaki kona moja tu. Kona hiyo ndiyo maji yote ya nyuma yanakutania ndio yashuke kwa bomba kuingia tangi. Na chini yake kuna shimo la choo na mteremko, huwezi kusimamisha ngazi. Njia ni moja, unakaa kwa dirisha la chumba cha kona, unatoka nje nusu, unafikia na mkono. Chumba cha kona ni chumba cha Jonah. Na dirisha liko juu ya kitanda.

Mama alikuwa na ufunguo. Ulikuwa unaning'inia hapo hapo kiunoni na zile zingine. Jonah alikuwa shuleni mchana wote, Nzilani sokoni. Angeingia akatoka na hakuna mtu angejua. Akanituma mimi kwa adabu, jioni.

Nikapiga mlango. "Mwalimu, mama anaomba mtoe kitanda kwa dirisha kesho mchana, na nyinyi mtoke, apitishe mkono asafishe gata."

Jonah alikuwa anasahihisha vitabu. Hakuinua kichwa. "Mama Nzilani hawezi kuingia mahali nalala. Yeye ni mtu mzima, anajua."

"Basi mimi nitaingia."

"Wewe ni shemeji, huwezi kuchezea chumba changu. Mwambie ampe Kisilu ufunguo, Kisilu atasafisha."

"Kisilu ndiye keateka?"

"Bado," akasema, na akageuza ukurasa.

Nilifunga huo mlango mpaka korido yote ikasikia. Nikamwambia mama. "Ingia tu! Uko na ufunguo, ingia!" Mama alikaa kwa kibao muda mrefu, akizungusha ufunguo wa kona kwa kidole. Nikaona anaogopa. Mama yangu aliyelala tumbo kwa tangi, anaogopa kitanda. Akasema, "Ni mkwe wangu, Kasyoka. Nikiona mahali analala na msichana wangu, nitaangalia watu wa Nuu na macho gani?" Na Kisilu hakumpa ufunguo, hiyo alikataa kabisa. Akaomba tu mvua ije kidogo kidogo.

Haikuja kidogo kidogo. Ilikuja mchana, na upepo, malori yakasimama barabarani taa zikiwaka. Mwanzo tulifurahi. Tangi likaanza kuimba. Mama akasimama kwa veranda amekunja mikono, anasikiza nyumba yake. Halafu akasema, "Tangi limenyamaza."

Kona ilikuwa imeziba. Maji ya paa lote la nyuma yalifika hapo yakakosa njia, yakamwagika yakashuka na ukuta, yakakaa juu ya kile kipande cha simiti kinatokea juu ya dirisha la Gathoni, yakatafuta ufa, yakaingia dukani. Wakati Gathoni anapiga kelele, vitambaa vya juu vilikuwa vinatoa maji ya rangi kama chai. Nguo za shule, za kufungua Januari, zote. Chumba cha Jonah hakikupata hata tone.

Tulibeba nguo tukizitoa nje, mimi, mama, watu wa bucha. Gathoni alikuwa ameketi kwa gunia akisema tu, "Muthoki, Muthoki, na ni mimi nilikutetea." Mama hakusema ni mvua. Hakusema ni Jonah. Alisema, "Ni mimi. Nilikuwa na ufunguo na sikufungua."

Jumamosi Kinuthia hata hakuzima pikapu. Alitoka akaangalia duka, akaangalia ukuta, akanyosha mkono. "Mama, leta funguo."

Watu walikuwa wamejaa, hata wanafunzi wa Jonah. Kisilu alikuwa mbele, amevaa shati la kuchomekea, kama mtu anaenda kupigwa picha. Jonah amesimama kwa ngazi za simiti, juu kidogo, Biblia kwapani kwa sababu alikuwa anaenda mkutano. Na mama, kwa mazoea, alipomwona alikuwa ameanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kuelekea nyuma ya nyumba. Niliona. Miguu yake yenyewe ilikuwa inaenda.

"Mwaitu!" nikasema.

Akasimama. Akaangalia miguu yake. Halafu akarudi mbele.

"Mzee Kinuthia, ulisema nyumba ikiharibika nirudi kwa maharagwe. Imeharibika, sikatai. Lakini niulize kwa nini kona moja peke yake."

"Kwa nini?"

"Chumba cha kona kiko na mkwe wangu. Aliniambia nisiingie, na mimi nikamheshimu. Hapo ndipo nilikosa. Keateka anaheshimu nyumba kwanza."

Kinuthia akakuna kichwa. "Hiyo heshima hata sisi tuko nayo. Ni ngumu. Ndio nasema, mama, hii kazi ni ya mwanaume. Kisilu hana shida ya kuingia kwa ndugu yake."

"Ndiyo, mzee!" Kisilu akasema.

"Wewe nyamaza, hujaulizwa!" nikamwambia.

Jonah akashuka ngazi moja. Hakumwangalia mama. Alimwambia Kinuthia, "Mzee, mimi na walimu wenzangu tumepanga juu miaka mingi. Hatuna ubaya na mtu. Lakini huyu mama akibaki na hizo funguo, sisi tutahama. Si kwa ubaya. Ni mila yetu."

Hapo nilitaka kumrukia. Kinuthia akageuka kwa mama, na nikaona ameamua, kwa sababu vyumba vitupu ni hasara. Akanyosha mkono tena.

Mama hakumpa. Alipita kando yake, akaenda mpaka mwisho wa ngazi za simiti, akainua uso.

"Jonah. Niangalie."

Hata yule wa bucha aliacha kukata. Tangu harusi, hakuna siku alikuwa ameita jina lake. Jonah akageuza uso ukutani.

"Nimesema niangalie. Huna mahali pa kwenda, mimi ndiye nimesimama kwa njia leo."

"Mama, si vizuri... mbele ya watu..."

"Ilikuwa vizuri mimi kukaa nyuma ya choo mbele ya watu? Wazee walikwambia ulete mbuzi tumalize. Ulisema nini?"

Jonah akahamisha Biblia kwapa lingine.

"Sema. Ulisema ni ushenzi. Nikakubali, nikasema kijana ameokoka. Sasa ushenzi ni mbuzi peke yake? Ile ya kunizuia mimi kazi, hiyo ndiyo mila nzuri? Chagua, Jonah. Uko na Biblia, na hapa kuna watu. Kama nthoni imeisha, kesho nafungua chumba, napitisha mkono, natoka. Kama haijaisha, alete mbuzi mwenye deni. Na kama hutaki hii na hutaki ile, basi mimi ndiye keateka wa hii nyumba na nakupa notisi. Utahama. Hizo funguo sitoi."

"Utamfukuza msichana wako?" Jonah akasema. Sasa alikuwa anamwangalia. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nafukuza mpangaji anakataza gata isafishwe."

Kuna mtu nyuma alicheka, halafu wengi. Si kicheko cha ubaya, ni kile kinatoka tu. Kisilu akasema, "Mzee Kinuthia, unaona? Huyu ni kichwa maji." Kinuthia hakumsikia. Alikuwa anamwangalia Gathoni, kwa sababu Gathoni, aliyekuwa ameketi tena kwa gunia mlangoni, alikuwa amesimama.

"Ni nguo zangu zimeoza," Gathoni akasema. "Si za mwalimu. Kwa hivyo mimi ndiye nitasema. Kinuthia, ukimpa huyu kijana funguo, hata mimi nahama. Huyo mama amekosea mara moja na amesema mwenyewe kwa mdomo wake. Hawa wengine ningengoja waseme mpaka nizeeke."

Kinuthia alirudi kwa pikapu akaizima. Hiyo ndiyo jibu alitoa. Akauliza mama simiti ngapi inatakiwa kwa ule ukuta.

Jonah angeleta mbuzi. Mbuzi ni kitu gani kwa mwalimu? Angefungua dirisha. Lakini mtu aliyechekwa mbele ya wanafunzi wake harudi nyuma, na mimi hiyo naielewa, hata mimi singerudi. Alipata nyumba Mukuyuni, karibu na shule ingine. Walimu wenzake? Hakuna hata mmoja alimfuata. Walibaki hapo na maji yao.

Siku ya kuhama nilienda kumsaidia Nzilani kufunga vyombo. Alinikataza. "Wacha, Kasyoka. Nyinyi mmeshinda." Nikamwambia hatukuwa tunacheza mpira. Nikamwambia aje kwa mama hata dakika, amuage. Akasema, "Mama alijua mimi niko ndani ya hicho chumba." Niliteremka nikamwambia mama vile amesema. Mama alikuwa anachagua funguo.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua."

"Sasa uende umwambie kitu!"

"Nimwambie nini? Nirudishe funguo? Akitaka hiyo, sina. Kitu kingine chochote aje achukue." Akapata ufunguo wa kona. "Leta ndoo."

Tukapanda. Korido ilikuwa na taa siku hizo, zote zinawaka. Alifungua mlango wa mwisho akasimama kwa kizingiti, na nikafikiria atashindwa tena. Chumba kilikuwa kitupu, lakini kwa sakafu ya simiti uliona mahali kitanda kilikaa, miguu minne imeacha alama. Mama aliangalia hizo alama. Halafu akatoa viatu akatembea juu yake, akafungua dirisha.

Alikaa kwa dirisha mgongo nje, akanipa miguu nishike, akajivuta juu mpaka mikono ikafika kona ya paa. Akaanza kuchota. Majani meusi, matope, kiota cha njiwa, vinaanguka kwa shimo huko chini. Hilo dirisha liko upande wa nyumba, kwa hivyo nilikuwa naona hata barabara. Lori lilikuwa limesimama, godoro limefungwa juu, na Nzilani amesimama kando na kanga ya bluu, mtoto mgongoni. Alikuwa ameinua uso anaangalia dirisha letu. Lori likapiga honi. Nikainua mkono mmoja nimpungie.

"Shika na mikono yote," mama akasema kutoka nje. "Ukiangalia barabara, nitaanguka."

Nikashika.